Chandarua cha Bluu

Juzi hapa Buzuruga, Mwanza, binti yangu alitupa simu kitandani akafoka, "Mama, neti imekata!" Nikajikuta nimenyanyua macho juu, kwenye chandarua. Kilikuwa kizima. Alinicheka weee, mpaka machozi. Sikumweleza kitu, ila wewe ngoja nikwambie.

Nilikulia kisiwani, Nansio, kwa bibi, mimi na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa na miaka miwili. Mama alikuwa Mwanza mjini akihangaika na kazi za watu. Asubuhi tulikula michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, mchana ugali wa muhogo, na mboga ni chochote ambacho ziwa limetoa. Mwaka ule ziwa lilinuna, tukala ugali kwa chumvi.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na utaratibu wake: kila Ijumaa neno moja, mkalitafutie maana huko mtaani. Ijumaa hiyo akaandika ubaoni "net". Alisema ni neno la kale, na waliolichunguza wanadhani lilianzia kwenye kufunga na kupiga mafundo. Nikajaza daftari mbiombio: ya kuvulia, ya mbu, ya golini, hata ile ya netiboli. Nilijiona profesa!

Nyumbani tulikuwa na moja tu, chandarua cha bluu alichotupatia nesi wa kliniki. "Mama, mtoto alale humu kila siku," alimsisitiza bibi. Lakini Jumamosi ile bibi alikishusha.

"Mbu gani wa kushinda njaa?" alisema.

Wanawake wengi pale ufukoni walifanya hivyo hivyo, wakikokota visamaki vya furu na dagaa kwa vyandarua kwenye maji ya magotini. Chetu kilikuwa kifupi, kikahitaji kuunganishwa na kipande cha jirani. Macho ya bibi yalikuwa yamechoka, kwa hiyo nilishona mimi, fundo juu ya fundo, nikimsimulia aliyoyasema mwalimu. Tukapata sufuria nzima. Nyumba ilinukia furu wa kukaanga, na mdogo wangu alilamba mchuzi mpaka kwenye viwiko. Tulicheka sana siku ile.

Hatukukirudisha kitandani. Kila siku tulisema kesho.

Wiki ya tatu mtoto akashikwa na homa. Bibi alimkanda, akamchemshia mwarobaini, na asubuhi degedege likampanda. Tulikimbia naye hospitali, bibi mbele, mimi nyuma nimebeba kandambili zake. Tulirudi naye amefunikwa khanga. Jamani, alikuwa mwepesi!

Nilimchukia bibi karibu mwaka mzima. Nilimwamkia shikamoo bila kumtazama, naye aliitikia marahaba kwa sauti ndogo, kana kwamba ananiomba kitu. Siku moja nikafungua daftari langu, nikakuta "vizuri sana" ya wino mwekundu, na ndipo nilipokumbuka ni nani aliyeshika sindano. Nililitia jikoni, likaungua.

Siku hizi furu wa aina ile siwaoni tena, na bibi mwenyewe tulishamzika. Lakini kuna kitu bado nakiona. Baada ya msiba nesi alileta chandarua kingine. Bibi alikipokea, akakifunga vizuri pembe zote nne juu ya kile kitanda kidogo kitupu. Kila jioni alikishusha, akachomeka ncha zake chini ya godoro, taratibu, asimwamshe mtu.