Nyanya za Zawadi Hazikuliwa Msibani

Nakataa bado. Jana nimekupigia simu, Zawadi, nikuulize kuhusu jani lenye madoa. Ikaita, ikaita, ndipo nikakumbuka.

Kwa msiomjua: alikuwa bibi shamba wetu huku Mbozi. Pikipiki ilianguka naye kwenye mteremko akirudi kutoka Itumba, kukagua nyanya za watu. Si zake. Za watu!

Siku ya kwanza alinikuta nafungua vidonge vya rangi mbili, vile vya antibayotiki ya binadamu, namwaga unga wake kwenye bomba la kupigia dawa. Wengi tulifanya hivyo. Madoa ya bakteria yalikuwa yanatumaliza.

Akauliza, "Dada Tabu, nyanya inakohoa?"

Nilikasirika. Halafu nikacheka mpaka nikakaa chini.

Alinieleza mara moja tu: vijidudu vikiizoea hiyo dawa shambani, siku mtoto akiumwa itakuwa kama maji. Sikurudia tena.

Tukipeleka matenga ya nyanya Tunduma, akina mama wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walimwita "Ba Zawadi", kwa heshima ya lugha yao, na kumwachia nafasi ya kukaa. Mimi nilianza kwa kubeba matenga hayohayo kichwani kwenye soko lilelile, na sijawahi kuachiwa hata kigoda. OMG, nilikuwa na wivu!

Msimu huu ofisi yao ilileta antibayotiki mpya, ya mimea, kwa trial. Zawadi akaomba kipande kwenye shamba la familia yake. Matuta manane: manne yakapigwa dawa, manne yakaachwa yaugue.

Watu wakamcheka. "Bibi shamba anafuga ugonjwa!"

Naye: "Nisipoufuga nitajuaje kama kilichoponya ni dawa au ni jua?"

Sharti lilikuwa moja. Hakuna wa kula nyanya za pale, hata za matuta ambayo hayakupigwa, maana upepo haujui mpaka. Dawa bado inajaribiwa, hakuna anayejua inakaa siku ngapi kwenye tunda. Zikiiva zinapimwa kwenye mzani, halafu zinafukiwa.

Sasa nawajibu ninyi mnaoandika kwenye group kwamba nimenyima msiba mboga.

Mnajua desturi yetu. Mtu akifa, majirani wanaingia shambani kwake, wanachuma, wanapikia waombolezaji. Ni heshima. Asubuhi ya mazishi shangazi yake alifika na wanawake na ndoo. Nyanya zilikuwa nyekundu hizo, zinavutia. Nikasimama mbele ya tuta.

"Shangazi, hapa hapana."

"Wewe ni nani? Mtoto ni wetu, shamba ni letu. Mwache alishe watu wake mara ya mwisho!"

"Shangazi, hizi zina dawa ya majaribio."

"Dawa gani! Si zimeponyeshwa? Kitu kilichopona ndicho kinacholiwa."

Mwingine akadakia, "Mwacheni tajiri wa matenga. Anasubiri tuzike akauze Tunduma."

Lilinichoma hilo. Lakini piga hesabu na mimi: msiba wa watu zaidi ya mia tatu, wazee, watoto, wajawazito, na dawa ambayo mwenye kuijua yuko kwenye jeneza. Ningemuuliza nani kama ni salama?

Nikawaambia waingie shambani kwangu, wachume wanachotaka. Walichuma. Matenga kumi na moja yaliyokuwa ya mteja yakaingia kwenye sufuria za msiba. Hilo kwenye group halijaandikwa!

Boss mmoja wa ofisi yao naye akaniambia kwa upole kwamba trial iachwe tu, mhusika hayupo. Nikamwambia mhusika nipo. Kila jioni Zawadi alinionyesha anavyohesabu majani yenye madoa. Najua kuhesabu, hakuna aliyenipa shamba kwa kunihurumia.

Juzi tumepima, mimi na wenzake wawili wa kazini. Matuta yaliyopigwa dawa yamezidi, ndiyo. Lakini si kwa kiasi tulichoahidiwa. Mmoja akanong'ona tuongeze kidogo, kwa heshima ya marehemu.

Heshima gani hiyo? Zawadi aliyeacha matuta manne yafe ili apate ukweli, leo tumdanganyie? Data imeandikwa kama mzani ulivyosema.

Tukachimba shimo. Tukamwaga zote, nzuri na mbovu, tukafukia. Shangazi alikuwa amesimama barabarani, anatazama. Hajanisalimia. Hata mimi sikumwita.

Zawadi, nimegombana na nusu ya kijiji juu ya nyanya zako, na wangerudi na ndoo ningegombana tena. Hakuna aliyezila. Report imeondoka leo asubuhi, jina la juu ni lako, peke yake.

Haya, lala mdogo wangu. Ulale vizuri.