Wangu Alikuwa wa Nani

Hapa kwetu ukifiwa, akina mama wa kikundi huja na visu vyao. Hakuna anayesubiri kuitwa. Unafunga kisu kwenye leso, unakwenda hadi boma lililofiwa, unaketi karibu na gunia la waru, yaani viazi, na kuanza kumenya. Mfiwa mwenyewe haruhusiwi kugusa kisu. Siku niliyomzika mwanangu, nilimenya.

Risasi ilimpata mjini Nyeri wakati vijana walipoandamana. Hakuwa na jiwe mkononi, na hata angekuwa nalo ningemlilia vilevile. Jumapili iliyofuata mbunge wetu, ambaye wakati huo alikuwa mtu wa serikali kabisa, alisimama kanisani akasema, "Waliokufa si watoto wetu. Ni wahuni waliotumwa." Watu wakapiga makofi. Baada ya hapo, nani angetaka kuonekana kwangu? Viti tulivyokodi vilibaki vimebebana nyuma ya hema, vikanyeshewa.

Tangu hapo sijui kutulia. Napika chai naiacha ipoe. Naenda shambani kukata majani ya ng'ombe, nafika nimesahau panga. Ninachotaka ni kitu kimoja: neno lile liondolewe juu ya mtoto wangu, mbele ya watu, kama lilivyowekwa.

Baadaye mbunge akakosana na wakubwa wake. Maandamano yakarudi, na kijana mwingine wa pande hizi za Kiganjo akafa kwa risasi. Mama yake ni wa kikundi chetu. Nikafunga kisu nikaenda.

Viti havikutosha. Mimi niliketi juu ya kreti ya soda kando ya sufuria. Mbunge alifika na magari mengi, akaweka shada la maua juu ya jeneza, akafuta macho. Alipopewa kipaza sauti alilia kwa sauti: "Wametuulia watoto wetu!" Watu wakalia naye. Kisha akatazama upande wetu. "Na mama wa shujaa wetu wa kwanza yuko hapa. Mama, simama watu wakuone."

Kwetu ukiambiwa usimame unasimama, unapunga mkono, unaketi. Nilisimama, waru mkononi, maganda yakianguka kutoka mapajani.

"Punga mkono, wewe," jirani yangu alininong'oneza. "Ati unasimama tu kama nguzo ya stima?"

"Mheshimiwa," nikasema, "niko na swali."

Emsii aliyekuwa akiongoza shughuli akaruka. "Mama, leo si siku ya maswali. Programu imebana."

"Ni fupi. Ulisema waliokufa si watoto wetu. Sasa wangu alikuwa wa nani?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. "Haiya! Jibu, mheshimiwa!" Mwingine akamkemea, "Nyamaza, hapa ni kwa wafiwa."

"Mama yangu," mbunge akasema kwa upole, "wote ni wetu."

"Tangu lini?"

"Siku zile tulidanganywa, mama. Hata mimi nilidanganywa."

"Basi sema hapo kwenye kipaza sauti kwamba hakuwa mhuni."

Alimtazama emsii. Emsii akasema, "Kwaya, tupeni wimbo mmoja tukijitayarisha kwenda kaburini." Kwaya ikaimba. Nikaketi.

Mwenyekiti wa kikundi aliinama sikioni mwangu. "Umetuaibisha mbele ya wageni." Nilizidi kumenya kwa nguvu, waru ikatoka na kona kama jiwe la kujengea.

Ndipo mama mfiwa akaja. Nilidhani amekuja kunifukuza, na alikuwa na haki. Ile ilikuwa siku ya mtoto wake. Aliketi kwenye ukingo wa kreti, tukabanana.

"Nipe kisu."

"Wewe huruhusiwi."

"Nipe." Akamenya mbili tatu. "Wako alikuwa anapenda kula nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. "Githeri ya jana, ikikaangwa asubuhi."

"Wangu alikuwa anachagua mahindi anaacha maharagwe."

Karibu nicheke. Lakini macho yangu hayakutulia. Kule mbele mbunge alikuwa akiangalia saa, na huku kando yangu alikuwa mwanamke ambaye siku ya mwanangu hakuleta kisu. Kwao na kwetu ni kuvuka barabara tu. Jumapili ile kanisani alikuwa kwenye benchi la mbele yangu, na makofi yake niliyaona.

Swali lilelile lilikuwa mdomoni, limeiva. Lakini mbunge nilimuuliza mbele ya umati, na huyu nilimsogezea ndoo ya maji aoshe mikono, kwa sababu walikuwa wakimwita aende kutupa udongo. Mpaka leo sijui kwa nini nilimwacha. Kisu changu aliondoka nacho, na bado sijaenda kukichukua.