Mwanahawa Alivyokataa Majuto

Watu wa Majengo wanasema Mwanahawa ana kiburi. Wanasema kweli, na mimi niliyepanga chumba nyumbani kwake hapa Mbeya ndiye shahidi wao. Anajibizana na wazee, anacheka msibani akikumbuka kituko cha marehemu, na mtu akimbana sana bei ya kanga humwambia aende akavae gunia. Lakini kiburi hicho ndicho kilichoandika kitabu, na habari ya kitabu hicho nitaieleza mimi kabla wengine hawajaiharibu.

Kwao ni Iringa mjini. Baba yake, mzee Halfani, alitoka pwani na biashara ya nguo, akaoa, akabaki. Mwanahawa alisoma chuo cha Kurani, akajua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hizi za shule alijifunza ukubwani, kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, tukikaa benchi moja. Alipokuwa msichana aliozwa Rujewa, kwa Bushiri, mfanyabiashara wa mpunga. Mchana mmoja wali ulichelewa, na Bushiri akamvunja mkono wa kushoto kwa mchi. Mwanahawa aliufunga ule mkono kwa kanga, akauning'iniza shingoni, akapanda lori la mpunga lililokuwa likija Mbeya. Mpaka leo mkono haunyooki.

Ndugu wa pande zote mbili walikutana kumsuluhisha. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kumrudisha. Makame, mdogo wake Bushiri, ambaye nyumba yake imepakana na ya kaka yake, aliapa kwamba wao hawakusikia ugomvi wowote siku ile, labda shemeji aliteleza kisimani. Mwanahawa aliwasikiliza wote hadi wakaishiwa maneno, kisha akasema, "Sirudi Rujewa." Wakamwuliza tena, akasema hayo hayo. Talaka aliipata baadaye sana, tena kwa matusi.

Kitabu alikiandika asubuhi kabla ya kwenda kuuza kanga sokoni, jiko la mkaa likiwa miguuni, maana baridi ya Juni hapa Mbeya haina huruma. Aliandika yaliyompata, bila kumtaja mtu. Mume ndani yake ni "yeye", na mke ni "mimi". Nilipomwuliza kwa nini, alisema aliyetenda anajijua. Ila jina la kitabu lilikuwepo juu ya karatasi ya kwanza tangu siku ya kwanza, kabla ya neno lingine lolote: Sirudi Rujewa.

Mwaka wa hamsini na sita tulipanda basi pamoja kwenda Iringa, kwa mwalimu Fanueli, aliyeacha kufundisha misheni akafungua kiwanda kidogo cha kupiga chapa. Basi lilipopita njia panda ya Rujewa Mwanahawa aligeuza uso upande wa pili.

Fanueli alikuwa amekwisha kukisoma kitabu, maana tulikitanguliza kwa posta. Alisema ni kizuri, tena kilimtoa machozi, na nilimwamini. Kisha akatuonyesha karatasi ya kwanza. Alikuwa amepiga mstari juu ya jina alilolitoa Mwanahawa, na pembeni ameandika lake yeye: Majuto ya Mke Mkaidi.

Mwanahawa alilisoma. "Mwalimu, nani anajuta humo ndani?"

"Hakuna, mama. Lakini msomaji akiona jina hili atakifungua akitafuta majuto, na akishaanza hataweza kuacha."

"Na akifika mwisho asiyakute?"

"Atakuwa amekwisha kusoma."

"Mimi nauza kanga," Mwanahawa alisema. "Hakuna mwanamke anayeniuliza rangi kwanza. Ananiuliza, jina lake nini? Nikishamsomea maneno ya kanga anamfikiria mke mwenzake, anawafikiria mawifi zake, ndipo anatazama rangi. Sijamsomea mtu hata siku moja jina ambalo halimo kwenye kanga."

"Kitabu si kanga, mama."

"Kweli. Kanga inachakaa."

Fanueli alicheka, naye hakuwa mtu mbaya. Alitueleza kwamba vitabu vyake vinanunuliwa na shule na makanisa, na wakubwa wa huko wanataka jina lenye fundisho. Akichapa Sirudi Rujewa, na chini yake jina la mwanamke mwenye ndugu na majirani, wazee watamjia hapa na bakora. Alizunguka meza mara kadhaa, kisha akakata shauri. Jina la Mwanahawa litokee kwenye jalada, na kitabu kiitwe Majuto. Au kiitwe Sirudi Rujewa, na mwandishi asitajwe. Yote mawili kwa pamoja hawezi.

Mimi nilimkanyaga Mwanahawa mguu chini ya meza. Nilitaka achukue jina lake. Niliona mtu hajisumbui hivyo ili kitabu kitoke kama mtoto wa barabarani, na Majuto ni neno tu, litasahaulika. Mwanahawa aliuondoa mguu wake. 

"Kwa Bushiri niliitwa 'we' miaka yote ile," alisema, "na sikufa. Niondoe mimi. Neno 'sirudi' liache."

Njiani alilia bila kujificha, hadi abiria wa mbele wakageuka. "Inaniuma, Mama Edmund," aliniambia. "Nilitaka jina la baba yangu likae kwenye kitabu. Alinifundisha alif mwenyewe." Mimi nilikuwa na hasira na Fanueli, na wazee, na hata na yeye kwa kuchagua alivyochagua, kwa hiyo sikumfariji vizuri.

Kitabu kilitoka. Alikiuza palepale sokoni, kando ya kanga. Wanawake wasiojua kusoma walikuja kutaka waonyeshwe neno lile limeandikwa wapi, wakaligusa kwa kidole, wakakinunua. Wapo waliomwuliza nani amekiandika. Alikuwa ametoa ahadi kwa Fanueli kwamba hatajitaja, akawajibu kwamba ni mtu fulani.

Haikuchukua muda Makame akaja kutoka Rujewa, kavaa koti, kitabu kakifunga ndani ya gazeti. Soko lilikuwa limejaa.

"Shemeji," alianza.

"Si shemeji yako tena. Karibu."

"Kaka amenituma. Anataka kitabu hiki kibadilishwe jina."

"Kiitweje?"

"Amesema kiitwe Mke Aliyepotea."

Mwanahawa alicheka sana. "Naye ana jina lake. Makame, kitabu hiki kinamhusu nini? Humo hamna Bushiri. Hamna hata Mwanahawa. Rujewa wanaume wamejaa, kwa nini kimuume yeye?"

"Kila mtu anajua kwamba ni yeye."

"Wamejuaje?"

Makame alianza kukasirika. "Usinifanye mtoto. Nani asiyejua? Mchana ule mtaa mzima tulikusikia ukilia."

Wanawake waliokuwa wakichagua kanga walisimama kama walivyokuwa. Mimi nilitamani kumshika yule mwanamume koti lake. Mwanahawa hakupandisha sauti.

"Kumbe mlisikia," alisema.

 Makame alitazama viatu vyake, kisha akatazama kule alikotokea, na nadhani ndipo alipokumbuka alichoapa mbele ya wazee.

Mwanahawa aliniomba kalamu. Akachukua kile kitabu mkononi mwa Makame, akakiegemeza kwenye mkono wake usionyooka, na chini ya jina la kitabu akaandika kwa herufi kubwa: Mwanahawa binti Halfani. Akakirudisha ndani ya gazeti lake, akakikunja vizuri.

"Mpelekee," alisema. "Mwambie jina la kitabu limebaki lile lile. Nimeongeza langu."

Ahadi aliyompa Fanueli iliishia hapo. Makame alipoondoka Mwanahawa alivishusha vitabu vyote vilivyobaki, akakaa chini kwenye mkeka, akaviandika jina lake kimoja kimoja, na wateja wa kanga wakamngoja.