Chupa Chini ya Meza ya Mama Akello

Siku yangu ya kwanza kazini Juba, katika miaka ile ya amani kabla ya kura ya maoni, nilifika na digrii ya kemia kutoka Nairobi, viatu vya ngozi na swali la kijinga: mashine ziko wapi? Mkuu wa Maabara, mzee aliyerudi kutoka Khartoum, alinionyesha kontena, jenereta lililozimika na pakiti ya litmasi, vile vikaratasi vinavyogeuka buluu vikigusa magadi.

"Ya ustaz," akasema, "mashine ni wewe."

Wiki ya pili polisi walituletea chupa ya maji ya kunywa, imebaki nusu. Dereva wa lori alikuwa amekunywa mafunda mawili ya chupa hiyo kwenye kibanda cha chakula kule Gumbo, ng'ambo ya mto, akafa siku ya tatu, koo limeungua. Mwenye kibanda, Mama Akello kutoka Gulu, alikuwa mahabusu kwa kosa la kuua. Nilichovya karatasi, ikawa buluu papo hapo. Kostiki: magadi makali ya kusugulia masufuria yaliyoungua, hayana rangi wala harufu. Sokoni waliyauza kutoka kwenye pipa, wakiyamimina katika chupa tupu za maji. Niliandika "sumu imethibitishwa", nikajiona bingwa.

Mkuu hakusaini. Aliniuliza kama nimeona chupa ilipokuwa imewekwa.

Tukavuka daraja hadi kibandani. Askari akatueleza ushahidi wake: mama huyu huonja kila kinywaji mbele ya mteja, ndiyo desturi ya kwao, siku ile hakuonja. Mama Akello, aliyeletwa amefungwa pingu, alijibu bila kuinua macho.

"Chai naonja, juisi naonja. Hiyo mimi hapana kumpa. Alijichukulia mwenyewe chini ya meza, mimi iko naosha sahani."

Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikigusisha litmasi iliyoloweshwa kila mahali. Maji ya barafu: hakuna kitu. Vikombe: hakuna. Chini ya meza, kando ya chuma cha kusugulia, palikuwa na duara la udongo lenye ukubwa wa kitako cha chupa. Buluu. Chupa ilikaa na vyombo vya kuoshea, mbali na vinywaji. Niliichana ripoti yangu mwenyewe.

Aliachiwa. Alipokuja maabara kuchukua nakala ya ripoti mpya, nilimkaribisha maji kutoka mezani pangu. Hakuyagusa. Alikuwa anatazama rafu iliyo nyuma yangu, nami nikageuka: kostiki ya maabara, niliyoimimina kwa mikono yangu katika chupa zilezile za maji, bila lebo.

"Onja kwanza, daktari."

Leo nimestaafu, na kila mgeni anayekuja, mimi humwonjea maji kabla sijampa. Wanacheka, wanasema ni ushamba. Sijawahi kuwaambia kwamba siku ile, mbele ya Mama Akello, sikuonja. Mkono wangu ulikimbilia litmasi.