Kinyozi Aliyemcheka Sara

Shemeji yangu kinyozi ana ulimi mwepesi kuliko mkono. Kichwa kimoja kinamchukua nusu siku, kwa sababu katikati ya kunyoa lazima Nuhu alewe, samaki amtapike Yona, na Samsoni alale mapajani kwa mwanamke kama mtoto mwenye homa. Wateja wake ni vijana wanaomeza kila uzushi wa kwenye simu, lakini ukiwatajia malaika wanajitia wasomi. Hao ndio anaowachekesha.

Siku hiyo mkewe, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja, alitoka zahanati, mimi nikiwa naye, moja kwa moja hadi kibandani kwa mumewe. Nesi alikuwa amemwambia kwamba kile alichodhani ni umri ni mimba, tena ya kwanza. Alitaka mumewe awe wa kwanza kufurahi naye. Tukakaa nyuma ya pazia tukikunja taulo, tukingoja bwana mkubwa amalize mahubiri.

"Sasa Sara," akasema, mashine ikinguruma hewani bila kugusa nywele, "bibi kizee, hata meno hana. Wageni wanamwambia utazaa! Maandiko yenyewe yanasema alishakoma. Sara kakoma, na Ibrahimu naye kakoma kwa kumngoja!"

Yule wa kitini, kanyolewa upande mmoja tu, alicheka mpaka machozi.

"Msicheke sana," akaongeza. "Mimi na wangu tumeshakoma wote."

Miaka yote hii mdogo wangu amevumilia maneno ya mawifi na majirani. Kumbe mshenzi kuliko wote analala naye kitanda kimoja. Nilimshika mkono nikamnong'oneza, "Twende zetu. Huyu hafai kuambiwa."

Akauchomoa mkono wake, akafungua pazia.

"Mume wangu, nilidhani nimekoma. Nesi anasema ni mimba."

Shemeji akaangua kicheko. Alidhani mkewe kaingia kwenye igizo, akawageukia vijana wamsaidie kucheka. Hakucheka mtu. Walikuwa wanautazama uso wa mdogo wangu, na kwa mara ya kwanza waliamini kitu ambacho hakikutoka kwenye simu.

"Jamani mmemsikia?" akasema, meno bado nje. "Eti Sara wangu naye..."

"Koma!" mkewe akamwambia.

Akazima mashine. Akakoma.