Mtu Aliye Ndani ya Gari

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tukiwa kwenye uwanja wa mazoezi kule Kabuga. Mwalimu Shabani, Mtanzania mpole aliyetufundisha kazi ya uokoaji, alituonyesha gari bovu lililobondeka, akauliza, "Nani ataingia awe majeruhi?"

Wenzangu wote walikuwa wanaukodolea macho ule mkasi mkubwa wa mashine, wa kukatia chuma. Kusema kweli hata mimi niliutamani. Lakini nilitaka zaidi kujua mtu aliyebanwa mle ndani anasikia nini. Nikaingia.

Wakanifunika blanketi, vioo visinikate. Giza tupu. Kioo kikapasuka, mashine ikanguruma, chuma kikalia juu ya kichwa changu, na huko nje wanaitana wao kwa wao. Nilijua ni mazoezi tu, tena chai inatusubiri, na bado nikapiga kelele.

Mwalimu akasimamisha kazi, akainama dirishani. "Umesikia nini, Zaina?"

"Nimesikia kila kitu. Ila hakuna aliyesema na mimi."

Akawageukia wenzangu. "Tunaanza upya. Safari hii mmoja akae naye."

Miezi michache baadaye, lori liligonga basi dogo karibu na Nyabugogo. Abiria walitoka, lakini dereva, kijana aitwaye Claude, alibanwa na usukani. Nikapenya hadi kiti cha nyuma yake, nikamshika kichwa kisicheze.

"Mama, mguu yangu iko?"

"Iko, naiona. Mimi ni Zaina, siondoki. Sasa utasikia kelele kubwa. Wanakata mlango."

"Na hii?"

"Hiyo ni paa."

Kila mlio aliuuliza. Nisioujua nilimwambia siujui, nikawauliza walio nje. Mwishowe, dereva ni dereva tu, akataka kujua mkasi wenyewe unatumia mafuta gani! Hapo nikajua bado tuko naye. Tulimtoa, akalazwa hospitalini muda mrefu, na mpaka leo anachechemea, lakini anatembea.

Sasa wewe unaanza mafunzo kesho. Mashine ijue vizuri, maana bila hiyo Claude asingetoka. Ila kabla hujaomba kuishika, omba kwanza kukaa ndani ya gari, ujue kulivyo. Na siku ya kazi yenyewe, mwite mtu kwa jina lake, mweleze kinachofuata, wala usimdanganye.

Mungu aitulize mikono yako, mwanangu, na kila utakayemshika kichwa, akujalie umwone akitoka mzima.