Mtani Kaburini kwa Mama

Miaka ya sabini nilifanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba pale Shinyanga mjini. Nilianza kwa kubeba marobota, baadaye nikapewa mashine moja niiangalie, nikaipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe wake wa maziwa. Shule nilikomea darasa la pili. Mwalimu alihama, nami sikuona sababu ya kubaki peke yangu. Lakini mashine ile ilinisikia.

Basi akaja msimamizi mpya, Mzaramo, mnene, wa maneno mengi. Mashine yangu akampa mtu mwingine, mimi akanirudisha kwenye marobota.

"Una mabega wewe, ndugu yangu," akaniambia. "Mabega hayakai bure."

Tangu siku hiyo sikumsalimia. Akinisemesha natikisa kichwa. Niliona ni adhabu kubwa sana. Yeye nadhani alichelewa kuitambua, maana alizidi kunenepa.

Kisha mama akafariki, kijijini kwetu Samuye. Mama alinusa ugoro mpaka kanga zake zilinuka. Ukimkumbatia unapiga chafya. Sikulia. Watu walisifu nimejikaza kiume. Kumbe machozi yalikosa njia tu, nilikuwa nimejaa yule msimamizi.

Siku ya maziko akaja na lori la kiwanda, na wafanyakazi wenzangu nyuma. Nikajiuliza anatafuta nini. Nilisahau jambo ambalo hata mtoto analijua: Msukuma na Mzaramo ni watani, na mtani msibani hufanya atakalo, wala hakasirikiwi. Tulipofika na jeneza tukamkuta ameshashuka kaburini, amejilaza chali, kofia usoni.

"Pamejaa hapa," akasema. "Mpelekeni kwingine."

Wazee wakambembeleza. Akasema hatoki mpaka mfiwa amsalimie. Jua kali, wabebaji wamelemewa na jeneza. Mjomba akaninong'oneza, "Msalimie mtani, baba. Dada yangu anaungua na jua."

Nikinyamaza, mama hazikwi. Nikisema, adhabu yangu yote inaishia shimoni, kijiji kizima kinatazama. Nikanyamaza. Mtu anaweza kuwa mjinga hata mbele ya jeneza la mama yake.

"Kumbe bibi alizaa bubu," sauti ikatoka chini. "Ndiyo maana aliniletea michembe mimi, akaona heri ale mtu mwenye ulimi."

Michembe ile, viazi vyetu vya kukausha, mama alikuwa akiniletea mimi kiwandani. Sikujua kwamba alipitia kwa msimamizi kwanza. Msimamizi akachota udongo kidogo, akauweka puani, akapiga chafya ya mama, ile ndefu yenye kuishia na "mayu wee", mama wee kwa Kisukuma. Ni mama hasa. Wanawake wakaangua kicheko katikati ya kilio. Nami nikacheka, na kicheko kikageuka katikati ya njia, nikalia mpaka nikachuchumaa pale ukingoni.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Sasa nipe mkono, nimekwama kweli."

Alikuwa amekwama. Tulimvuta watu wanne. Halafu akashika koleo, akafukia mpaka shati likalowa, hakutania tena.

Nikarudi kwenye marobota. Mashine hakunipa, na yule aliyepewa aliiendesha vizuri, neno ambalo lilinichukua muda kulitamka. Asubuhi moja nilijaribu kumnunia msimamizi langoni, kwa heshima ya zamani tu. Akashika pua kama anataka kupiga chafya. Nikamwamkia upesi, nikaingia kazini.